Shahada ya Hisabati Si Kupiga Hesabu Kubwa

"Unasoma hisabati? Haya, 47 mara 86 ni ngapi?" Wengi tuliosoma shahada hii tumeulizwa hivyo, harusini au kwenye daladala. Watu huamini kwamba chuo kikuu ni kidato cha sita kilichorefushwa: hesabu zilezile, ila ngumu zaidi. Mwaka wa kwanza unafanana kidogo. Baadaye namba huadimika daftarini na swali hugeuka: si "jibu ni ngapi?" bali "unajuaje kwamba ni kweli daima?"

Chukua namba tasa, yaani namba zaidi ya 1 zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu: 2, 3, 5, 7, 11, 13. Je, zina mwisho? Kompyuta haiwezi kukujibu kwa kuhesabu tu, hata ihesabu karne nzima. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alijibu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Tuseme orodha yako imekamilika. Zizidishe zote, kisha jumlisha 1. Kwa hizo sita unapata 30,031. Igawe kwa yoyote kati yake, inabaki 1. Basi lazima igawanyike kwa namba tasa isiyomo kwenye orodha. (Wengi hudhani 30,031 yenyewe ni tasa. Sivyo, ni 59 mara 509.) Hoja hiyohiyo huivunja orodha yoyote, iwe ndefu kiasi gani.

Kazi ya namna hiyo ndiyo hujaza miaka inayofuata. Ndiyo maana aliyepata A kwa kukariri kanuni hushtuka, na mara nyingine hupitwa na yule mzito wa kuzidisha lakini mbishi wa "kwa nini".

Na ile 47 mara 86? Mimi hutoa simu mfukoni.