Dhana Potofu Kuhusu Wanyama, Miti na Mito ya Nairobi

Miji mikuu inayopakana na simba na vifaru ni michache mno duniani, na pengine ndiyo sababu wakazi wengi wa Nairobi huamini kwamba habari za uhifadhi tayari wanazijua. Wanayoyaamini husikika ndani ya matatu, katika mikutano ya wenye nyumba na kila msimu wa kupanda miti unapowadia. Mengi yana chembe ya ukweli, jambo linaloyafanya kuwa magumu kuyang'oa. Kasoro yake kubwa ni moja: yanamhesabu kiumbe peke yake, mnyama huyu au mti ule, bila kuuliza anakula wapi, anazalia wapi, anahamia wapi na ni nani mwingine anayemtegemea.

Dhana: Mbuga ya Nairobi imezungushiwa ua, kwa hiyo wanyama wake wako salama

Mbuga hii ilitangazwa mwaka 1946, ikawa ya kwanza ya kitaifa nchini Kenya, na ukubwa wake ni kilomita 117 za mraba tu. Ua upo pande zinazotazama mji. Upande wa kusini, ambako Mto Mbagathi ndio mpaka, pameachwa wazi, na anayeitazama mbuga kutoka Barabara ya Mombasa hana njia ya kulijua hilo.

Uwazi huo haukutokana na uzembe. Nyumbu, pundamilia na kongoni walizitumia nyanda zote za Athi na Kaputiei tangu zamani, kabla hajatokea mtu wa kuchora mpaka wowote. Kiangazi walikusanyika kaskazini, ambako leo ni mbuga, kwa sababu ya maji ya kudumu. Mvua zilipoanza, udongo mweusi wa huku uliloa na kunata, nyasi zikarefuka na kukomaa, nao wakashuka kusini kwenye nyasi fupi zenye madini ambayo jike anayenyonyesha anayahitaji. Katika nyasi fupi, tena, simba huonekana mapema.

Kwa hiyo mbuga peke yake ni kipande cha makazi, na kipande kilichobaki kimo mikononi mwa watu. Ardhi ya Kitengela, Isinya na Athi River imegawanywa kuwa ploti, zikajengwa nyumba, viwanda na machimbo ya mawe, na kila anayenunua huanza kwa kuweka waya. Nyumbu wa nyanda hizo, waliohesabiwa kwa makumi ya maelfu katika miaka ya 1970, wamebaki maelfu machache. Ujangili ulichangia, lakini kufungwa kwa njia kuliwaumiza zaidi. Walaji wa nyasi wanapopungua, nyasi za mbugani hurefuka na kuwa ngumu. Nyati humudu kuzila, ilhali wanyama wadogo zaidi hawazipendi. Simba naye hufuata mawindo nje ya mpaka, na akikosa nyumbu hukutana na ng'ombe. Mwezi Machi 2016 simba dume aliyejulikana kwa jina la Mohawk alipigwa risasi Isinya baada ya kutoka mbugani, na mji mzima ukaomboleza kana kwamba jambo hilo halikuwa na chanzo.

Wapo wanaopendekeza kwamba dawa ni kufunga upande wa kusini pia. Ua kamili ungepunguza migogoro na wafugaji, hilo ni kweli, lakini ungeacha kundi dogo la simba wanaozaana wao kwa wao na nyumbu wasio na pa kwenda mvua inaponyesha, na hatimaye wanyama wangelazimika kuletwa na kuondolewa kwa malori. Njia nyingine zimejaribiwa. Tangu mwaka 2000 baadhi ya wenye ardhi wa Kitengela walilipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua wala kuuza. Kijana mmoja wa huko, Richard Turere, alitengeneza taa zinazomulika kwa zamu kuzunguka boma la ng'ombe ili kuwafukuza simba, na ubunifu wake ukajulikana duniani mwaka 2013. Kwa maoni yangu malipo ya aina hiyo ndiyo hoja iliyo karibu zaidi na ukweli, ingawa dola 4 haziwezi kushindana na bei ya ploti inayopakana na barabara ya lami.

Jambo hili si la Nairobi tu. Takriban theluthi mbili ya wanyamapori wa Kenya huishi nje ya mbuga na hifadhi za serikali, na kati ya 1977 na 2016 idadi yao katika maeneo ya ufugaji ilishuka kwa wastani wa asilimia 68. Mwaka 1977 ndio ambao serikali ilipiga marufuku uwindaji. Marufuku iliondoa bunduki halali. Waya, jembe na mji unaokua havikuguswa.

Dhana: Kupanda mti wowote, popote, ni kuhifadhi mazingira

Hapa ndipo nia njema inapofanya madhara makubwa, kwa hiyo pana haja ya kukawia kidogo. Serikali imeweka lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 wananchi walipewa siku ya mapumziko ili wapande. Ni lengo linaloeleweka katika nchi iliyopoteza misitu mingi. Swali ambalo halikuulizwa kwa sauti ya kutosha ni mti gani, na mahali gani.

Tuanze na mahali. Nyanda za Athi hazina miti mingi, lakini hazikukatwa miti. Ni nyanda za nyasi kwa asili yake, zilizodumishwa kwa muda mrefu sana na mvua chache, moto na midomo ya wanyama, na sehemu kubwa ya kaboni yake imehifadhiwa ardhini, kwenye mizizi na udongo, ambako moto haufiki kwa urahisi. Ukizijaza miche, kivuli huziua nyasi, na wanaoishi kwa nyasi huondoka. Mfano mzuri uko Kinangop, nyanda za juu za kati za Kenya, ambako ndege mdogo mwenye kifua cha manjano, asiyepatikana popote nje ya Kenya, anazidi kukosa makazi kwa sababu nyanda za nyasi zinageuzwa kuwa mashamba ya viazi na mikaratusi. Mikaratusi ile, ukiitazama kwa mbali, ni kijani kibichi.

Sasa aina ya mti. Mikaratusi ilitoka Australia na ikapandwa kwa wingi kuzunguka Nairobi wakati wa ukoloni ili kuni zake ziendeshe garimoshi. Hukua haraka, hutoa nguzo za umeme na mbao, na mkulima anayeipanda shambani mwake pasipo na chemchemi hana kosa. Lakini hunywa maji mengi, na majani yake hutandaza chini tabaka ambalo mimea mingi ya hapa hushindwa kuota ndani yake. Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza iondolewe kando ya mito na chemchemi. Katika Msitu wa Karura, ulio ndani ya Nairobi, mashamba ya mikaratusi yamekuwa yakivunwa hatua kwa hatua na nafasi yake kupewa miti ya asili. Watu hupiga kelele waonapo mti ukikatwa Karura, na kelele hizo zina historia ya heshima: mwaka 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miche humo kuupinga mgao wa msitu kwa wajenzi. Hata hivyo, kukata mkaratusi ili mukinduri au muhugu uote ni kazi ile ile aliyoipigania.

Muhugu wenyewe ni somo. Ni mti wa misitu mikavu ya nyanda za juu kama Karura na Ngong, mgumu, unaokua polepole, na wachongaji wa vinyago wameutafuta kwa miaka mingi, kwa hiyo iliyokomaa imekuwa adimu nje ya misitu inayolindwa. Hakuna anayeuchagua kwa ajili ya picha ya siku ya kupanda miti. Mugumo nao, aina ya mtini wa porini, huzaa matunda yanayoliwa na ndege, popo na nyani, na maua yake yaliyofichika ndani ya tunda huchavushwa na nyigu wadogo sana ambao hawazaliani kwingine isipokuwa humo humo. Anayeung'oa mugumo mmoja mkubwa na kupanda mijakaranda kumi mahali pake amepata maua ya zambarau ya mwezi wa Oktoba, ambayo mimi pia nayapenda, na amepoteza jamii nzima ya viumbe.

Dhana: Tumbusi na korongo ni ndege wachafu, na mji ungekuwa bora bila wao

Korongo mfukoshingo wanaokalia migunga karibu na Uwanja wa Nyayo hawana wateteaji. Wana upara, wananuka, na miguu yao myeusi huonekana myeupe kwa kuwa huipaka kinyesi makusudi ili kupunguza joto la mwili. Wanakula tunachotupa. Aliye na malalamiko kuhusu idadi yao angeyapeleka kwanza kwenye jaa la Dandora.

Kisa cha tumbusi ni kizito zaidi. Tumbo la tumbusi lina asidi kali inayoua vijidudu vingi, vikiwemo vya kimeta, na kundi la ndege hao humaliza mzoga kabla haujaoza na kusambaza maradhi. Tunajua kinachotokea wakitoweka, kwa sababu India imeshapitia hali hiyo. Kuanzia miaka ya 1990 tumbusi wa huko walikufa kwa zaidi ya asilimia 95 baada ya kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki. Mizoga ikabaki, mbwa wasio na mwenyewe wakaongezeka, na hofu ya kichaa cha mbwa ikapanda pamoja nao. Dawa hiyo ilipigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006.

Nchini Kenya sababu kubwa ya vifo vyao ni sumu. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe hunyunyiza dawa ya wadudu juu ya mzoga ili amuue simba au fisi, kisha tumbusi hushuka kwa makumi na kufa pamoja. Tumbusi mgongo mweupe, aliyekuwa wa kawaida kabisa, sasa amewekwa katika daraja la viumbe walio hatarini zaidi kutoweka. Hutaga yai moja tu kwa msimu, kwa hiyo mzoga mmoja wenye sumu hufuta kazi ya miaka mingi.

Dhana: Kinyonga ana sumu, bundi huleta kifo, na Nzi wa Nairobi huuma

Kinyonga hana sumu yoyote. Kinyonga wa pembe tatu anayepatikana katika bustani za Nairobi hata hatagi mayai, kwani huzaa watoto hai. Amekuwa akijificha katika nyua za mimea kwa vizazi, na tatizo lake leo ni kwamba kayaba inang'olewa ili kupisha kuta za mawe zenye nyaya za umeme. (Kayaba si mmea wa asili ya Kenya pia, jambo linaloonyesha kwamba ugeni peke yake si kosa.) Bundi hula panya, na kinachokufa bundi anapolia ni panya, isipokuwa pale bundi mwenyewe anapomla panya aliyekwisha kula sumu ya dukani. Nyoka wengi wa Kenya hawana sumu ya kumdhuru mtu; bafe anayo, na yupo Nairobi, kwa hiyo asiyewajua nyoka awaache na ajitenge nao.

Huyo aitwaye Nzi wa Nairobi ni mbawakawa mwembamba, mweusi kwa mwekundu, na hana meno ya kumuuma mtu wala mwiba. Maji ya mwilini mwake yana sumu inayotengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake, na sumu hiyo hugusa ngozi pale tu mdudu anaposagwa. Malengelenge tunayoyalaumu ni matokeo ya kofi letu wenyewe. Mpulize, osha kwa maji na sabuni palipoguswa, na punguza taa za usiku baada ya mvua kubwa, maana hufuata mwanga. Shambani ni mwindaji wa wadudu waharibifu, na anayempulizia dawa kila mahali huwaua pia wanaomfanyia kazi bila malipo.

Dhana: Kinamasi ni ardhi bure, na Mto Nairobi ni mtaro uliokwisha kufa

Maji ya mifereji ya Nairobi hutoka zaidi katika mabwawa ya mbali kama Ndakaini na Sasumua, ndiyo maana ni rahisi kuutazama mto unaopita mjini kama kitu kisichotuhusu. Mto huo huanza katika kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ambacho hufyonza mvua na kuiachilia taratibu. Kinamasi kikijazwa udongo na kujengwa, maji yale yale huja yote kwa siku moja, na wakazi wa Mathare walioona mafuriko ya Aprili 2024 wanajua maji yasiyo na pa kutulia hufanya nini.

Wala mto haufi unapotoka mjini. Huungana na Mto Athi, ambao hukata nyika ukaitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Udongo unaoporomoka mashambani na kwenye kingo zilizolimwa hufika huko na kuitia tope bahari yenye matumbawe yanayohitaji mwanga ili yaishi. Plastiki nayo husafiri njia hiyo hiyo, ingawa mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017. Kwa hiyo mvuvi wa Malindi ana haki ya kuuliza kinachofanywa kwenye kingo za mto pale Gikomba, soko la Nairobi.