Pikapu kuukuu, mkono mmoja: nani atashika?

Watu wakimwangalia fundi akiwa kazini macho yao yanaenda kwenye mkono unaozungusha spana, lakini kazi ya gereji nusu yake iko kwenye ule mwingine, ule unaoshika. Ndio unaoshika nati kwa nyuma isizunguke, ndio unaoshika tochi, ndio unaozuia propela shafti isikuangukie usoni ukifungua boliti ya mwisho. Mimi wangu ni wa kushoto na sikuwahi kuuwazia kabisa mpaka boliti ya springi ya nyuma ya hii pikapu, imeliwa na kutu mpaka katikati imebaki nyembamba, ilipokatika ghafla nikiwa nimeegemea kwa mkono huo bomba la kurefushia spana, na kiganja kikaenda kugonga chesisi.

Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu. Ila daktari alibonyeza pale kwenye kishimo chini ya kidole gumba nikaruka kitandani, akasema hapa hatuendi na picha tunaenda na maumivu, akafunga plasta na baadaye picha ya pili ikamthibitishia. Kuna kamfupa kadogo hapo kwenye kifundo cha mkono kanaitwa skafoidi, kakivunjika mara nyingi picha ya mwanzo haikaoni, na damu inakafikia kwa shida kwa hiyo kupona kwake ni polepole, wiki 6 hadi 12 na wengine zaidi. Kwa hiyo kama umejigonga gereji na hapo panauma ukibonyeza, usijiambie umeteguka tu, nenda kapimwe.

Sasa pikapu yenyewe: ya dizeli, umri wake umeshapita miaka 20, taa zinafifia, stata inavuta kwa uvivu, pedali ya breki inazama, klachi inateleza na springi za nyuma bushi zake zimekwisha. Kila kazi nikawa naiuliza swali moja kabla sijaigusa, nani atashika? Kama jibu ni klipu au jeki au kamba, naifanya. Kama jibu ni mkono wa mtu, namsubiri kijana anayenisaidia.

Umeme ndio niliouanza maana mita haihitaji nguvu. Kwenye gari kuukuu watu wanakimbilia kubadilisha betri na stata wakati ugonjwa uko kwenye athi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari. Weka mita kwenye volti za DC, waya mweusi ubane kwa klipu ya mamba kwenye nguzo hasi ya betri, mwekundu kwenye bloku ya injini penye chuma kitupu, kisha mtu apige stata wewe uangalie mita. Ikikaa chini ya 0.2 athi yako ni nzima, ikipita 0.5 basi umeme unapotelea njiani kabla haujafika. Hii yetu ilipita mbali. Ule waya wa kutoka betri kwenda kwenye chesisi kwa nje ulikuwa mzuri kabisa, mpira mweusi haujapasuka, lakini nilipochana mpira karibu na kichwa chake kopa ilikuwa imegeuka unga wa kijani na nyuzi zilizobaki nzima ungeweza kuzihesabu. Waya mpya, kukwangua rangi pale unapokaa, grisi kidogo juu yake kuzuia maji, stata ikaamka na taa zikarudi. Betri ileile.

Breki nilikuwa naziogopa kwa sababu kutoa upepo kunahitaji mtu wa pedali na mtu wa nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye gurudumu, lakini kuna njia ya wavivu ambayo kwa mwenye mkono mmoja ndio njia ya heshima: acha maji ya breki yashuke yenyewe. Jaza kopo la juu, fungua kifuniko, valisha hozi nyembamba kwenye nipo ya gurudumu lililo mbali zaidi na kopo, ncha ya hozi izame kwenye chupa yenye maji ya breki kidogo, fungua nipo uende ukakae. Inadondoka taratibu, mapovu yanatoka, kazi yako ni kuhakikisha kopo la juu halikauki. Inachukua muda lakini haina presha, na master silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) iliyozeeka inapona kuliko kupigwa pedali mpaka sakafuni, maana raba zake zikipita sehemu zisizowahi kufika zinakutana na kutu zinachanika.

Halafu hapa ndipo pikapu inapowachanganya mafundi waliozoea magari madogo. Nyingi zina vali juu ya ekseli ya nyuma, imeungwa na fimbo, inapima mzigo: ekseli ikiwa mbali na bodi vali inajua gari ni tupu na inabana maji ya breki yasiende nyuma kwa wingi ili magurudumu yasifunge. Sasa wewe umepiga jeki chesisi, ekseli inaning'inia, vali imebana, unahangaika nusu siku na upepo hautoki. Weka stendi chini ya ekseli, siyo chini ya chesisi, uzito ukae kwenye springi, utaona tofauti palepale. Na maji ya breki nunua mapya yaliyofungwa, maana yanavuta unyevu wa hewani: aina ya DOT 3 ikiwa kavu inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishavuta maji kiwango chake kinashuka hadi 140, na kwenye mteremko mrefu na mzigo hizo nyuzi 140 si mbali.

Kwenye boliti ngumu mkono mmoja unakufundisha hesabu utake usitake. Nati inayotaka Nm 100 (kipimo cha nguvu ya kukaza), ukiwa na spana ya sentimita 25 unatakiwa uisukume kwa nguvu ya kama kilo 40, ukichomeka bomba ikawa mita moja inabaki kama kilo 10 tu. Lakini bomba hilohilo ndilo linalokata boliti ya kutu, ndio kisa cha hii plasta, kwa hiyo kwanza mwagia mafuta ya kupenya ulale nayo usiku mzima, asubuhi ijaribu kuikaza kidogo kabla ya kuifungua, ile kutu ikivunjika utasikia mlio mkavu, ndio uanze kurudi. Ikigoma pasha moto nati siyo boliti, ila hakikisha mafuta yameshafutwa na hakuna paipu ya dizeli karibu. Na sukuma kwa kiganja kilicho wazi, usikunje ngumi kuzunguka spana, ikichomoka vidole havina cha kugonga.

Plasta yenyewe ina mambo yake gereji. Ule mkanda wa kuning'iniza mkono shingoni uvue kabisa kama injini inawaka, feni na fenibeti havijui kama wewe ni mgonjwa. Dizeli na maji ya breki vikiingia ndani ya plasta vinakaa kwenye ngozi na huwezi kuosha, mimi nilikuwa navalisha mfuko wa plastiki juu yake nabana kwa raba, siyo kwa kukaza sana. Vidole vikivimba, vikiwa vya baridi au vya bluu, au ganzi haiishi, acha gari hapohapo uende hospitali, hiyo haisubiri mpaka kesho. Na kama umemeza dawa ya maumivu inayokulegeza usiingie chini ya gari, hata liwe kwenye stendi.

Klachi sikuigusa. Giaboksi ya pikapu ni chuma kizito, hata ukiwa na jeki yake inataka mikono miwili ya kuielekeza. Nilikaa kwenye stuli kijana akalala chini, na sikufichi, kuangalia mtu mwingine anafanya kazi yako kunauma kuliko mfupa. Giaboksi ilikuwa imebakiza kama vidole viwili ikagoma kuingia, akaanza kuchukua boliti azikaze ziivute.

"Acha hizo, utapasua masikio ya giaboksi. Ingiza gia, kisha zungusha flenji ya nyuma pole pole huku unasukuma."

"Fundi, inagoma."

"Haijagoma, meno hayajaonana. Zungusha."

Ikaingia bila boliti hata moja.

Plasta ilipotoka nilidhani nitarudi palepale, wapi. Kushika kulirudi mapema kidogo lakini kugeuza kifundo, ile ya kuzungusha bisibisi, ndiyo ilichelewa kuliko zote. Mtaalamu wa mazoezi akanipiga marufuku bunduki ya upepo ya kufungulia nati kwa muda, mtetemo wake unaamsha maumivu usiku, kwa hiyo bushi za springi nilizimalizia kwa spana za kawaida.

Hizo bushi kama ni za raba usizikaze gari likiwa juu. Ingiza boliti zote zikae legelege, shusha gari likanyage chini, kisha ndio ukaze kabisa, la sivyo raba inakazwa ikiwa imejipinda na itachanika mapema sana. U-boliti kaza kwa msalaba, kidogo kidogo kila upande. Yangu imeshatembea kilomita mia kadhaa na mzigo, kwa hiyo Jumamosi narudi chini yake kuzikaza tena, maana mpya lazima zilegee kidogo springi zikishakaa.