Tuta kando ya mfereji: namna ya kuitazama chapa ya sindano kavu

Mkulima wa Usukumani anajua kwamba jembe likipita halichimbi mfereji tu. Udongo huinuka kando, ukawa tuta. Msomaji wetu wa Mwanza akilikumbuka shamba hilo, amekwisha kuielewa nusu ya chapa ya sindano kavu, yaani picha inayochapwa karatasini kutoka kwenye bamba lililokwaruzwa kwa sindano.

Msanii huchukua bamba la shaba na sindano ya chuma kigumu, akalikwaruza moja kwa moja bila kutumia tindikali. Shaba husukumwa pembeni, ikaacha ukingo mwembamba unaoparuza kidole. Bamba hupakwa wino mzito wa mafuta na kufutwa kwa kitambaa, kisha huwekewa karatasi iliyoloweshwa na kupitishwa chini ya rola nzito. Wino ulionaswa na ukingo huo hutoa mstari laini, wenye ukungu kidogo, kama manyoya.

Ndiyo maana mbinu hii inafaa kumchora mtoto wa mnyama. Renée Sintenis (1888–1965), mchongaji wa Ujerumani, alisifika kwa sanamu ndogo za bronzi za watoto wa farasi na punda. Dubu anayetolewa kama tuzo katika tamasha la filamu la Berlin ni kazi yake. Mwaka 1931 alikuwa mchongaji wa kwanza mwanamke kuchaguliwa katika Akademia ya Sanaa ya Prussia. Mwaka 1934, chini ya utawala wa Kinazi, akaondolewa.

Sintenis aliwachora pia wanyama wachanga kwa sindano kavu. Mstari unashuka shingoni, unapinda mgongoni, unakatika. Majani hayapo, mbingu haipo, na mwili wenyewe ni karatasi tupu. Kwangu mimi huo ni ujasiri wa mtu ambaye mikono yake imeuzunguka mwili wa mnyama mara nyingi katika udongo wa mfinyanzi, akajua uzito unakaa wapi. Tazama miguu: mirefu kuliko kiwiliwili, magoti bado hayajaaminika. Aliyewahi kumwona ndama wa siku moja akijaribu kusimama zizini kule Magu au Misungwi atamtambua papo hapo.

Lakini tuta hupigwa na mvua. Kila bamba linapopita kwenye rola, ukingo hulala kidogo, na baada ya nakala makumi machache mstari umekonda. Basi ukiona pembezoni pameandikwa kwa penseli 4/30, ujue nakala zilizotolewa ni 30, na hiyo imepewa namba ya nne. Usiitundike kwenye ukuta unaopata unyevu wa ziwa wala juani. Ukungu na jua huiharibu karatasi.

Walimu wanaweza kufundisha mbinu hii kwa kipande cha plastiki ngumu na msharasi wa fundi viatu. Pasipo mashine, sugua nyuma ya karatasi kwa mgongo wa kijiko. Mstari utafifia, ila utaonekana. Waambie watoto mapema kwamba chapa hugeuka: ndama aliyechorwa akitazama kushoto atatoka akitazama kulia.