Sitini ya nini?

Juzi mwalimu mkuu mmoja alinipigia: "Fundi, hewa leo ni 60. Niwaruhusu watoto wakimbie?" Nikamuuliza, sitini ya nini? Kimya. Swali hilo nimeshaliuliza mara nyingi hadi ulimi umeota sugu.

Watu wanadhani hewa ina namba moja, kama joto la mwili. Haina. Kuna mikrogramu za PM2.5, yaani chembe ndogo sana za moshi na vumbi zinazoelea hewani, katika mita moja ya ujazo, na kuna fahirisi ya ubora wa hewa, AQI, inayokokotolewa kutokana na hizo mikrogramu. Kwa jedwali la Marekani lililorekebishwa mwaka 2024, AQI ya 60 ni mikrogramu 14 hivi: rangi ya njano, watoto wakimbie, mwenye pumu aangaliwe. Mikrogramu 60, kwa jedwali hilohilo, ni AQI ya 154 hivi: nyekundu, mbio ziahirishwe. Namba ileile, majibu mawili yanayopingana! Tena jedwali limepangwa kwa wastani wa saa 24, si kwa dakika ile jirani alipochoma takataka. Nchi nyingine zina majedwali yao, na rangi hazilingani. Mimi rangi nilishaziacha. Kwenye simu nabofya mpaka nione mikrogramu, nawe fanya hivyo. Na AQI si asilimia, jamani. Inafika 500.

"Njano ni salama"? Kwa siku moja ya mikrogramu 14, sawa: Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2021 linashauri isizidi mikrogramu 15 kwa saa 24. Ila kwa wastani wa mwaka linashauri 5, kwa hiyo anayevuta 14 mwaka mzima anakaribia mara tatu.

"Sioni moshi." Unywele ni mnene kuliko chembe hizo mara 30 hivi. Macho hayapimi.

"Vihisi vya bei nafuu, hivi vifaa vidogo vya kupima hewa, ni vya kuchezea." Hapa kuna chembe ya ukweli. Vinahesabu kwa mwanga wa leza, na unyevu ukizidi chembe hunyonya maji na kuvimba, hivyo asubuhi ya ukungu kifaa kinatia chumvi. Kiweke wiki kadhaa kando ya mashine rejea, ile ya kitaalamu inayoaminika, upate hesabu ya kukirekebisha, kitakufaa sana. Halafu ukikague. Kimoja kilichokuwa kikilia "hatari" usiku kucha nilikikuta kimefungwa juu ya dirisha la jiko. Nilipokifungua, buibui alikuwa ametandaza utando mbele ya leza.