Nguo ya hempu hailewi, wala haileweshi

Wengi wakisikia kwamba shati limefumwa kwa hempu, yaani bangi ya viwandani, hudhani limebeba kilevi. Si kweli. THC, kemikali inayolewesha, hutengenezwa kwenye vitezi vidogo vya utomvu vilivyojaa hasa katika maua ya mmea jike. Shinani karibu haipo kabisa. Isitoshe, aina za hempu zinazolimwa viwandani huchaguliwa ziwe na THC kidogo mno: Marekani, sheria ya 2018 iliweka kikomo cha asilimia 0.3.

Shina lenyewe lina mambo mawili tofauti, na hapa ndipo penye utamu. Ganda la nje lina nyuzi ndefu, zilizojaa selulosi, dutu inayoupa uzi nguvu, na zenye kidogo tu lignini, dutu inayoufanya mti kuwa mgumu. Ndiyo maana ni imara zikivutwa na hufaa kwa kamba, turubai na nguo. Pektini, gundi ya asili ya mmea, huzigandisha pamoja, basi mashina hulazwa shambani yapate umande au hulowekwa majini, vijidudu viile pektini hiyo, nyuzi ziachane. Zikiachwa kupita kiasi, vijidudu huanza kula selulosi, na uzi hudhoofika.

Ndani kuna kiini kama mti mwepesi, chenye lignini nyingi na vitundu vidogo vinavyofyonza maji. Ufaransa hukichanganya na chokaa kujengea kuta zinazozuia joto na baridi. Ukuta huo haubebi paa. Fremu ya mbao ndiyo hubeba.

Tusichanganye pia hempu na katani ya Tanga: hiyo ni mkonge, na nyuzi zake hutoka kwenye majani.