Je, wajua kwa nini laptopu ya i7 huachwa nyuma na ya i5 ndani ya dunia pepe?

Pita maduka ya laptopu ya Moi Avenue au upande wa Digo Road, hapa Mombasa, utaziona ex-UK zimejaa kwenye kaunta, kila moja na kibandiko chake cha i5 au i7. Mtu anayetaka kuingia Second Life au VRChat, zile dunia pepe ambamo unatembea kwa avata, unajenga na kupiga soga na watu wa nchi nyingine, mara nyingi huwa na swali moja tu: "I7 iko?" Akiambiwa iko, na bei haijamtisha, anaibeba. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hicho kibandiko kimetembezwa sana. Siku ya kwanza kwenye sherehe yenye avata thelathini, picha inaganda, feni inavuma, na mwenzake aliyechukua i5 anaendelea kucheza chakacha.

Sababu ya kwanza ni kwamba kibandiko kinataja ukoo wa prosesa, ule ubongo wa laptopu, hakitaji mwaka. Core i7-8650U, iliyomo kwenye laptopu nyingi za ofisi zilizokwisha tumika Ulaya, ilitoka 2017. Michoro yake huendeshwa na Intel UHD 620, yenye vitengo 24 vya kukokotoa. Core i5-1135G7 ya 2020 ina Iris Xe yenye vitengo 80. Ndani ya dunia pepe kazi ya kuchora ndiyo nzito, na hapo i7 ya zamani imeshapigwa bao mapema. Herufi ya mwisho nayo ina habari yake: U ni prosesa ya kubana umeme, kiasi cha wati 15, na H ni ya kazi nzito, kiasi cha wati 45.

Lakini kwa nini dunia pepe iitese mashine kuliko mchezo wa mpira? Mchezo wa kawaida hutengenezwa na kampuni inayopima kila kiti na kila unyasi kabla ya kuuza. Second Life, iliyofunguliwa 2003 na Linden Lab ya San Francisco, ni kinyume chake. Karibu kila kitu ndani yake kimetengenezwa na wakazi wenyewe, na fundi wa viatu vya avata akiamua kila tundu la kamba liwe na nakshi yake, nani atamzuia?

Chukua leso. Tuseme umenunua doti Biashara Street, ukaipiga picha ili avata wako aivae. Ukitaka jina la leso lisomeke vizuri, utaipakia kwa pikseli 1,024 kila upande. Hizo ni zaidi ya pikseli milioni moja, na kila pikseli huchukua baiti 4, kwa hivyo ikifunguliwa ndani ya kadi ya michoro inakula megabaiti 4. Faili uliyoipakia ilikuwa ndogo kwa sababu ilibanwa, ila kadi lazima iikunjue ndipo ichore. Haya, mkufu una picha yake, viatu vina zake, ngozi, nywele, hata kucha. Avata mwenye picha 50 za ukubwa huo amefika megabaiti 200. Alika thelathini kama yeye, unakaribia gigabaiti 6, na bado hujahesabu kuta, minazi wala bahari. Siku hizi Second Life inaruhusu hata pikseli 2,048 kila upande, ambazo ni mzigo mara nne. Programu hujitetea kwa kushusha ubora wa picha, ndiyo maana unaweza kuongea na mtu dakika nzima uso wake ukiwa ukungu mtupu.

Mzigo huo unakaa wapi? UHD na Iris Xe hazina kumbukumbu yao. Hukopa RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya mashine, na kwenye RAM hiyo zinapigana vikumbo na prosesa. Kijiti kimoja cha RAM ya aina ya DDR4-2400 hupitisha takriban gigabaiti 19 kwa sekunde. Kadi ya RTX 3050 ya laptopu ina gigabaiti 4 zake mwenyewe, zinazopitishwa kwa gigabaiti 192 kwa sekunde. Tofauti ya mara kumi hiyo, i7 haiwezi kuiziba.

Kwa asiye na pesa za kadi inayojitegemea, kuna jambo dogo ambalo wauzaji hulipita tu. "RAM 16" inaweza kuwa kijiti kimoja cha 16 au viwili vya 8, na bei ikawa ile ile. Viwili hufungua njia mbili kwa pamoja. Iris Xe hasa hulitaka hilo: ikipewa kijiti kimoja, Windows huitambulisha kama Intel UHD Graphics, na kasi inashuka kweli. Kwa hiyo ukiwa dukani, omba laptopu iwashwe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye ukurasa wa utendaji (Performance). Penye kumbukumbu (Memory) utaona nafasi ngapi za RAM zinatumika. Penye GPU, yaani kitengo cha michoro, utaona jina la kadi na kama ina kumbukumbu yake yenyewe. Muuzaji akikwambia "hiyo si lazima, boss", basi ni lazima.

Kadi inayojitegemea nayo ina fumbo lake. RTX 3050 mbili zinaweza kuwa na jina moja, na moja ikaiacha nyingine mbali. Nvidia, kampuni inayounda kadi hizo, huwaachia watengenezaji wa laptopu wachague umeme wa kadi hiyo, kuanzia wati 35 hadi 80. Kwa RTX 4050 ni kutoka 35 hadi 115. Laptopu nyembamba inayopendeza kwenye begi la safari kwa kawaida imepewa wati chache, kwa kuwa haina pa kutolea joto. Kabla ya kulipa, tafuta wati za modeli hiyo hasa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Jina la kadi pekee halitoshi.

Joto lenyewe ndilo linalotuumiza sisi wa pwani. Feni haiwezi kupoza chuma kikawa baridi kuliko hewa inayoivuta. Laptopu iliyopimwa kwenye chumba cha nyuzi 22 ikija Mombasa mwezi wa Februari, hewa ikiwa nyuzi 32, huanza na hasara ya nyuzi kumi. Prosesa nyingi za Intel zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Ndiyo maana mashine inakwenda vizuri dakika za mwanzo kisha inalegea. Ongeza vumbi lililoshikana na unyevu wa chumvi kwenye matundu ya feni, na ile krimu ya kijivu kati ya prosesa na shaba, ambayo kwenye ex-UK ya miaka mingi huwa imekauka. Kabla hujaihukumu laptopu ya zamani, mpe fundi aisafishe feni na kupaka krimu mpya. Hakuna uboreshaji wa bei rahisi kuliko huo. Na usiiweke kitandani juu ya shuka, utakuwa umeiziba pua.

Ukisafiri, chaja ni muhimu kuliko betri. Kadi yenye nguvu ikikosa umeme wa ukutani hupunguza kasi sana, na hata isipopunguza, betri ya wati-saa 90 kwenye mashine inayokula wati 100 haimalizi saa moja. Kwa hiyo ndani ya SGR kwenda Nairobi, dunia pepe tuiache, tuangalie tembo wa Tsavo. Kwa ndege, betri isiyozidi wati-saa 100 huingia nayo ndani bila kuomba ruhusa ya shirika, na betri ya akiba haiwekwi kwenye mzigo wa chini.

Ningenunua ipi? Kwa mtu wa kuzunguka na kupiga soga, i5 ya kizazi cha 11, kama ile 1135G7, yenye Iris Xe na vijiti viwili vya 8. Kwa anayejenga na kuuza vitu humo, laptopu iliyotumika yenye prosesa ya H na kadi ya GTX 1650 ya gigabaiti 4, nzito kidogo begani lakini inapumua. Zile nyembamba zenye kadi ya MX450 ya gigabaiti 2 ningeziacha dukani. SSD, ile diski ya kasi, usikose. Dunia hizi hupakuliwa unapotembea na kuhifadhiwa kwenye diski, basi ukiitengea programu nafasi kubwa, ukirudi mahali pale pale bando haliliwi upya.

Kwenye mipangilio, zima vivuli kwanza, kisha punguza umbali wa kuona. Kutoka mita 128 hadi 64 unabaki na robo tu ya eneo la kuchora.

Kuna kukwama kwingine ambako fundi wala muuzaji hawezi kukutibu. Seva za Second Life ziko kwenye mitambo ya Amazon huko Oregon, Marekani, zaidi ya kilomita 14,000 kutoka Mombasa. Nyaya za baharini kama TEAMS na SEACOM zinatia nanga hapa hapa kwetu tangu 2009, lakini mwanga ndani ya waya husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 140 hata njia ingenyooka, nayo hainyooki. Ili ujue unasumbuliwa na kipi, ingia Second Life ubonyeze Ctrl, Shift na 1. FPS, yaani idadi ya picha kwa sekunde, ikiwa chini, ishughulikie laptopu. Ping, ule muda wa kwenda na kurudi kwenye seva, ikiwa ndiyo iliyopanda huku picha ni laini, usimrudie muuzaji.