Je, wajua kwa nini lori huzima kwenye baridi kali ilhali matangi yamejaa dizeli?

Lori limepakia mzigo Laredo, Texas, mpakani na Mexico, linaelekea Duluth, Minnesota. Barabara ni moja, I-35, kilomita 2,500 hivi moja kwa moja kaskazini. Ni Januari. Dereva amejaza matangi yote mawili, lita 900 kwa jumla, ambazo zinaweza kumfikisha karibu na mwisho wa safari bila kuongeza. Usiku, kaskazini ya Iowa, kipimajoto kikisoma nyuzi 20 chini ya sifuri, injini inakosa nguvu, inakohoa, inazima. Geji inaonyesha mafuta yapo.

Wengi husema dizeli imekuwa barafu. Sivyo. Ukifungua kifuniko na kumulika ndani, utakuta mafuta bado ni maji maji, ila yamepauka na hayapitishi mwanga vizuri.

Inafaa kulishikilia jambo hili, maana anayeamini kuna barafu hutafuta tiba ya barafu. Yupo anayewasha moto chini ya tangi, na hiyo ni njia ya kuchoma lori na nafsi yake. Yupo anayemimina petroli kwa kuwa petroli haisumbuliwi na baridi hiyo. Hilo la baridi ni kweli, lakini mvuke wa petroli hushika moto hata kwenye theluji, na petroli haina ule utelezi unaolainisha vyuma vya pampu ya dizeli. Na wapo wengi wanaomimina dawa ya kuzuia kuganda injini ikiwa imeshazima, kisha wakalaumu dawa.

Kinachotokea hasa ni hiki. Dizeli ni mchanganyiko wa molekuli fupi na ndefu, na zile ndefu ni parafini, yaani nta ya jamii ileile ya mishumaa. Kukiwa na joto, nta hiyo imeyeyuka na haionekani. Baridi ikiingia, hizo ndefu ndizo hutangulia kujipanga kuwa fuwele. Ukiwahi kuweka chupa ya mafuta ya nazi dirishani Lushoto mwezi Juni, umeyaona haya: kwanza yanafifia, kisha punje nyeupe zinaelea, na mwisho kabisa ndipo chupa nzima inashikana. Mafuta ya nazi hufanya hivyo kwenye nyuzi 24. Dizeli ya kawaida ya Marekani huanza kufifia karibu na nyuzi 10 chini ya sifuri, ikipanda au kushuka kutegemea mafuta ghafi na kiwanda, kwa hiyo namba hiyo isichukuliwe kuwa ahadi kwa kila tangi.

Lori halisubiri chupa nzima ishikane. Huzima kwenye hatua ya punje. Filta ya mwisho kabla ya pampu ina matundu ya maikroni chache tu, wakati unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Fuwele hutua kwenye karatasi ya filta safu juu ya safu, na kadiri injini inavyovuta ndivyo inavyozidi kujizibia njia. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya cha dizeli, EN 590, hupima baridi ambayo mafuta bado yanapita kwenye chujio. Daraja lake kali kuliko yote linadai yapite hata kwenye nyuzi 44 chini ya sifuri.

Hapo kazi ya dawa inaeleweka. Haiondoi nta, huzikamata fuwele zinapozaliwa zibaki ndogo na kupenya. Karatasi ikishaziba, imechelewa. Imiminwe mafuta yakiwa bado na joto, kabla tu ya kujaza tangi, ili ichanganyike.

Kinga kubwa zaidi ni mafuta yenyewe. Vituo vya kaskazini huuza dizeli ya baridi iliyochanganywa na dizeli nambari moja, nyepesi, ndugu wa karibu wa mafuta ya taa. Kwetu kuchanganya hivyo ni uchakachuaji. Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuukomesha. Kule msambazaji huchanganya kwa kipimo, mteja akijua, na huongeza vilainishi kwa sababu mafuta mepesi yana utelezi mdogo. Lita moja pia hutoa nguvu pungufu kidogo. Kwa hiyo dereva wetu wa Laredo angebeba kiasi cha kumvusha Kansas tu, kisha ajaze huko juu.

Barafu ya kweli ipo kwingine: maji yaliyotuama kwenye kitenganisha maji, na unyevu ndani ya matangi ya upepo wa breki. Yote yamwagwe kabla ya safari. Radieta nayo ina ajabu yake: glikoli, dawa ya kuzuia maji ya radieta yasigande, ikiwa tupu huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri, lakini ikichanganywa nusu kwa nusu na maji hustahimili hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri.

Aliyekwisha kuzimikiwa aanze kwa kuita msaada na kujikinga na baridi. Lori livutwe hadi gereji yenye joto mpaka nta iyeyuke, filta ibadilishwe, na ile mpya ijazwe dizeli safi ya baridi kabla ya kupiga stata.